Mtutu wa inchi ngapi? Kuchagua urefu wa mtutu kwenye rivolva ya kaliba kubwa

Wadau mlioko Marekani mlioanza kuwinda, au mnaoishi majimbo yenye dubu, hili swali linakuja kila msimu: mtu ameshaamua anataka rivolva ya .44 Magnum (namba ni kaliba, yaani upana wa risasi, na magnum ni risasi yenye baruti nyingi kuliko ya kawaida), amefika dukani, muuzaji anamwekea tatu juu ya kaunta, bunduki ni ileile, chuma kilekile, ila moja ina mtutu wa inchi 4, nyingine 6, nyingine zaidi ya 8. Achukue ipi? Na jibu analopewa mara nyingi ni "chukua ndefu, ina nguvu". Sio uongo ila ni nusu ya habari, tena ni ile nusu yenye umuhimu mdogo. Mimi msimamo wangu nauweka mapema: urefu wa mtutu kwenye kaliba kubwa uamuliwe kwanza na mahali bunduki itakapokaa mwilini mwako na jinsi utakavyolenga, kasi ya risasi ije mwisho kabisa.

Tuanze na hiyo inchi yenyewe maana hata hapo watu wanachanganyikiwa. Kwenye rivolva mtutu unapimwa kutoka mdomoni mpaka pale unapoishia mbele ya silinda, kile kipande kinachozunguka chenye matundu ya risasi, na silinda haihesabiwi. Kwenye pistol ya magazini chumba cha risasi kiko ndani ya mtutu, kwa hiyo kinahesabiwa. Maana yake rivolva ya inchi 4 na pistol ya inchi 4 sio urefu mmoja hata kidogo, ukiziweka pamoja mezani rivolva inakuwa imeipita pistol kwa silinda nzima, na mtu aliyezoea pistol akisikia "inchi 4 tu" anawaza kitu cha kuweka mfukoni kumbe ni chuma cha zaidi ya kilo moja chenye urefu wa sentimita 24 hivi. Halafu kuna modeli nyingine kubwa zenye kompenseta mbele, yale matundu ya kutolea gesi juu, na inchi zilizoandikwa kwenye tangazo zinaweza kuwa zimejumlisha na hicho kipande ambacho risasi haipati msukumo wowote. Uliza kabla hujalinganisha.

Sasa nguvu. Risasi inaongezewa kasi kwa muda wote gesi ya baruti inapoisukuma ndani ya mtutu, kwa hiyo mtutu ukiwa mrefu inasukumwa zaidi, hilo halina ubishi. Kaliba kubwa za magnum zinatumia baruti nyingi inayoungua polepole, ndo maana zinanufaika na urefu kuliko zile za kawaida, na ndo maana ukiupiga mtutu mfupi usiku unaona moto mkubwa unatoka mbele, ile ni nishati iliyotakiwa kusukuma risasi inaunguzwa hewani. Lakini rivolva ina kitu kingine, kuna mwanya kati ya silinda na mtutu, mdogo sana, kama milimita 0.15, na gesi inavuja hapo kila unapopiga. Hiyo gesi ni kali, ina vipande vidogo vya risasi na baruti, na kwenye kaliba kubwa inakata nyama. Nasimama hapa kidogo kwa sababu wengi tumejifunza kupiga kwa pistol, na mshiko wa pistol unapeleka kidole gumba cha mkono wa pili mbele. Kwenye rivolva ya .44, au zile kubwa zaidi za .454 na .500, kidole kikikaa pembeni ya ule mwanya kinaumia vibaya. Vidole vyote vibaki nyuma ya silinda, hakuna mjadala.

Tuje kwenye namba. .44 Magnum ilizaliwa mwaka 1955, Remington wakitengeneza risasi na Smith & Wesson wakitengeneza bunduki, baada ya Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho, kuwasumbua miaka na miaka watengeneze .44 yenye nguvu kuliko .44 Special, risasi ya .44 iliyokuwepo kabla. Rivolva ile ya kwanza, iliyokuja kuitwa Model 29, ilitoka na mtutu wa inchi 6 na nusu. Risasi ya kawaida ya dukani ina uzito wa greni 240, kama gramu 15 na nusu, na kwenye mtutu wa inchi 4 inatoka kwa futi 1,180 kwa sekunde hivi, yaani mita 360. Kila inchi unayoongeza inakupa kitu kama futi 25 mpaka 50 kwa sekunde kutegemea na risasi uliyotumia, na faida yenyewe inapungua kadiri unavyozidi kurefusha. Kwa hiyo ukitoka inchi 4 kwenda 6 na nusu unapata labda futi 100 zaidi. Kwa nishati hiyo ni kutoka kama juli 1,000 kwenda 1,180, na kwenye karatasi inaonekana ni kitu. Ila jiulize kulungu aliyeko mita 50 ataona tofauti gani? Kushuka kwa risasi kwa umbali huo kunatofautiana kama sentimita moja na nusu tu. Risasi ile nzito ya inchi 4 inampita mnyama kifuani upande kwa upande na ya inchi 6 na nusu inampita vilevile. Kilichomuangusha ni mahali ilipopita.

Na hapo ndo urefu unapokuwa na maana kweli, kwenye kulenga.

Rivolva ina kilenga cha mbele na kilenga cha nyuma, na umbali kati ya hivyo viwili unaongezeka mtutu unavyoongezeka. Kwa mtutu wa inchi 4 umbali huo ni kama sentimita 15. Kwa inchi 6 ni kama 20. Kwa 7 na nusu ni kama 24. Chukua rula ujionee mwenyewe nusu milimita ilivyo, ni unene wa kadi kidogo tu. Sasa kilenga chako cha mbele kikiwa kimekaa pembeni kwa hiyo nusu milimita wakati unafyatua, na mkono wa binadamu aliyepanda mlima na moyo unadunda unakosea zaidi ya hapo, hesabu inakuwa hivi: kwa mita 50, ile ya inchi 4 inapeleka risasi sentimita 17 nje ya ulipotaka. Ya inchi 6 inapeleka kama 12 na nusu. Ya 7 na nusu inapeleka kama 10. Kifua cha kulungu, pale penye moyo na mapafu, wawindaji wanakichukulia kama duara la sentimita 20, yaani kutoka katikati una sentimita 10 tu kila upande. Ukiangalia vizuri hizo namba utaona kwamba kosa lilelile, mkono uleule, mtutu mfupi umemjeruhi mnyama akakimbia kwenda kufia vichakani na mtutu mrefu umegusa ukingo wa mahali panapotakiwa. Hiyo ndo sababu ya kununua mtutu mrefu. Na kwa mita 25 makosa yote yanakuwa nusu, sentimita 8, 6 na 5, zote ziko ndani ya duara, kwa hiyo mwenye inchi 4 anaweza kuwinda vizuri kabisa ila ajizuie, akimuona mnyama mita 50 amwache aje.

Nisieleweke vibaya, chuma chenyewe cha mtutu mfupi hakikosei. Ukiifunga rivolva ya inchi 4 kwenye mashine ya kupimia inaweza kupiga kundi dogo, yaani risasi zikitua karibukaribu, sawa na ndugu yake mrefu. Anayekosea ni jicho. Na kuhusu jicho niongeze hili kwa wazee wangu na wote waliovuka miaka 45, mtutu mrefu unapeleka kilenga cha mbele mbali kidogo na uso na macho yanayokataa vitu vya karibu yanakiona vizuri zaidi. Watu wanahangaika kubadilisha miwani kumbe inchi mbili za chuma zingewasaidia.

Kitu kingine ni uzito na teke. Smith & Wesson 629, ambayo ni rivolva ya .44 Magnum, ya inchi 4 ina kama kilo 1.2, ya inchi 6 kama 1.3, na Ruger Super Redhawk ya inchi 7 na nusu ina kilo 1.5. Uzito ukiwa mbele mdomo wa bunduki haurukii juu sana na unarudi kwenye shabaha haraka, hilo utalisikia kwenye kiganja risasi ya kwanza tu. Upande wa pili kuna zile nyepesi, kama 329PD ya Smith & Wesson haohao ambayo ni ya inchi 4 na kidogo lakini fremu yake ni ya aloi ya skandiamu na uzito wake ni kama gramu 715, inapiga .44 Magnum kamili, na kwa kweli inauma. Inabebeka siku nzima bila kuisikia, ila watu wakishapiga risasi chache wanaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na ukishaanza kufumba macho basi hayo yote ya kilenga na sentimita hayana kazi tena. Bunduki usiyoweza kufanya nayo mazoezi hujainunua, umeihifadhi tu.

Kelele nazo. Magnum yoyote kubwa inazidi desibeli 160, wakati masikio yanaanza kuharibika na mlio wa ghafla wa desibeli 140, na mtutu ukiwa mfupi ule mlipuko unakuwa karibu zaidi na uso wako. Renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, vaa vizibo vya ndani na vya juu pamoja. Ukiongeza kompenseta teke linapungua lakini kelele inarushwa pembeni na nyuma, hata jirani yako wa renji hatakushukuru.

Haya, kubeba. Hapa ndo penye maamuzi, na watu wengi hawapafikirii mpaka wamelipa. Mtutu wa inchi 4 unakaa kiunoni, ukiingia kwenye gari na kufunga mkanda mdomo wa holsta, ule mfuko wa kubebea bastola, haugongi kiti. Wa inchi 6 kiunoni unaanza kukusukuma juu ukikaa. Wa 7 na nusu kiunoni usahau kukaa, lazima uupeleke kifuani kwenye ile holsta ya mikanda inayovuka bega, na kifuani unakaa vizuri kwa mtu mwenye kiwiliwili kirefu lakini mtu mfupi ukichomoa mkono unaishia hewani kabla mdomo haujatoka. Hii ijaribu dukani kabisa, waombe holsta, hakikisha bunduki ni tupu, muuzaji afungue silinda nawe uangalie matundu yote, halafu chomoa polepole uone kama inatoka yote. Ukikwama pale kwenye kapeti utakwama zaidi ukiwa na koti la baridi na mvua.

Kwa wenye kuvua samaki na kupanda milima Alaska, Montana, Wyoming, huko kwenye dubu wa kahawia, hesabu zile za mita 50 hazina nafasi. Dubu akikushambulia anakuja kasi ya farasi kutoka karibu, utalenga kwa mita chache sana, na cha kwanza ni bunduki iwe mwilini na itoke haraka. Ile iliyobaki kwenye begi au hemani haikusaidii, na bunduki ndefu inayokera ndo inayobaki hemani. Hapo nasema inchi 4, au 5 na nusu ikiwa kifuani, na dawa ya dubu ya kupuliza iwe upande wa pili, maana kumbukumbu za Alaska zinaonyesha inafanya kazi vizuri sana na haihitaji kulenga kama risasi. Ruger wana ile Super Redhawk Alaskan ya inchi 2 na nusu iliyotoka mwaka 2005, na inapendwa. Mimi siipendekezi kwa mtu wa kwanza. Uzito wake bado ni kilo 1.25 kwa hiyo hujaokoa chochote mgongoni, umepoteza kasi nyingi, umepoteza umbali wa kulenga, na umejiongezea moto na kelele, yote hayo ili upunguze inchi moja na nusu ambayo kifuani usingeisikia. Anayeitaka kwa sababu anaijua, sawa. Ila sio kwa sababu imeonekana nzuri kwenye picha.

Ukiweka skopu, yaani darubini ya kulengea, mambo yanageuka tena. Skopu haina vilenga viwili, ile hesabu ya sentimita 15 na 24 inafutika yote, na faida kubwa ya mtutu mrefu inaondoka nayo. Lakini mwenye skopu kwa kawaida anawinda mita 75 mpaka 100, amekaa, ameegemeza mikono kwenye kitu, habebi kiunoni, kwa hiyo urefu haumkeri na ile kasi ya ziada kwa umbali huo inaanza kusaidia kweli, risasi inashuka kidogo zaidi. Yeye achukue 7 na nusu. Hiyo ya 9 na nusu ipo pia, ila ukiwa umekaa kwenye kibanda cha juu ya mti inagonga kila tawi unapoizungusha, na wanyama wanasikia chuma kikigonga mti kabla hawajakuona.

Kuna kitu wageni hatukijui na kinaweza kukuletea kesi: majimbo mengine yana urefu wa chini wa mtutu kwa uwindaji. Ohio kwa kulungu wanataka mtutu usiopungua inchi 5. Indiana wanataka 4. Wisconsin wanataka 5 na nusu lakini wao wanapima kutoka kwenye pini ya kupiga mpaka mdomoni, bunduki ikiwa imefungwa, kwa hiyo silinda inaingia kwenye hesabu. Umeona hapo? Rivolva ileile ya inchi 4 inaweza kufaulu Wisconsin na ukiivusha kwenda Ohio kwa kulungu ni kosa. Kijitabu cha kanuni za uwindaji kinatolewa kila mwaka na ni bure, kisome cha mwaka husika kabla ya kununua na sio baada. Na kama unaishi eneo la mipaka ukawinda majimbo mawili, nunua kwa sheria ya jimbo lililo kali zaidi, inchi 5 na nusu au 6 inakupitisha kote huko.

Walioko Kanada kwenu habari ni nyingine kabisa. Huko bastola yenye mtutu wa milimita 105 au pungufu imo kwenye kundi la marufuku, na inchi 4 ni milimita 101.6, ndo maana utakuta rivolva nyingine zimeandikwa inchi 4.2, karibu milimita 107, zinavuka mstari kwa nywele. Lakini tangu Oktoba 2022 serikali imesimamisha ununuzi na uuzaji wa bastola kwa watu binafsi isipokuwa wachache wenye msamaha, kwa hiyo haya yote kwenu ni ya kujua tu.

Na kwa Marekani, kabla hujabishana inchi hakikisha unaruhusiwa. Mwenye grinkadi kwa sheria ya shirikisho anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au matembezi, haruhusiwi isipokuwa aingie kwenye misamaha iliyotajwa, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Bastola kwenye duka lenye leseni ni kuanzia miaka 21, na ukiiona nzuri jimbo la jirani hulipi ukaondoka nayo, inatumwa kwenye duka la jimbo lako ndo unajaza fomu na kukaguliwa hapo. Majimbo nayo yanaongeza ya kwao. Usimnunulie mtu mwingine asiyeruhusiwa hata kama ni ndugu wa damu, hilo ni kosa la jinai. Na nyumba zetu zina watoto na wageni wengi, kwa hiyo bei ya sefu iweke kwenye bajeti ileile ya bunduki.

Zile kubwa kupita .44 nazipitia haraka. Kwenye .454 Casull usishuke chini ya inchi 5, teke lake linataka uzito. .500 ya Smith & Wesson iliyotoka 2003 ile ndefu ya inchi 8.4 hivi ina uzito wa kilo 2, hiyo ni ya mkono ulioegemezwa, na ile fupi ya inchi 4 sijaona mwanzilishi aliyeifurahia. .460 ya 2005 ilitengenezwa kwa ajili ya kasi, kwa hiyo kuinunua na mtutu mfupi ni kulipia kitu ambacho hukipati.

Sasa mtu akiniambia nataka moja tu, .44, nitapiga renji, nitawinda kulungu kwa vilenga vya wazi, na mara mojamoja nitaenda milimani, namwambia 5 na nusu, akikosa 6. Ruger Redhawk ipo ya 5 na nusu, na Super Blackhawk pia, ile ya kukokota nyundo kila risasi, na ni ya bei nafuu zaidi. Ukiwa na mikono midogo jaribu Super Blackhawk kwanza, mshiko wake unazunguka mkononi badala ya kupiga kiganja moja kwa moja, ingawa nyuma ya ule ulinzi wa triga kidole cha kati kinaweza kugongwa, watu wengi wanabadilisha mshiko tu yanaisha.

Ukienda kwenye za mitumba, nenda na rula na tochi ndogo. Pima mtutu mwenyewe kutoka mbele ya silinda, usiamini kibandiko. Angalia mdomo kama umekatwa, mtu akiukata nyumbani ukingo hauko sawa au kilenga cha mbele kimechomelewa upya, na bunduki ya hivyo haipigi pamoja. Mulika ule mwanya wa silinda, ukiona juu yake kwenye fremu pamekatwa kidogo na gesi hiyo ni kawaida ya magnum na huwa inafika mahali inaacha kuendelea, lakini silinda ikicheza mbele na nyuma ukiisukuma kwa kidole, irudishe kwenye kaunta uombe nyingine.